Majibu ya utafiti yana wenyewe: somo la Busia na Tororo

Mwanafunzi wa uchumi aliyeko Boston au London huenda asijue Kenya ina kaunti ngapi, lakini jina la Busia analijua. Amekutana nalo vitabuni, kwenye mihadhara na kwenye mitihani. Mtafiti wa malaria aliyeko Geneva naye anaijua Nagongera, mji mdogo wa wilaya ya Tororo, kwa sababu mbu wa huko wamenaswa na kuhesabiwa usiku kwa usiku, mwaka baada ya mwaka.

Kwa takriban miaka 30 sasa, watu wa ukanda huu wa mpaka wa Kenya na Uganda wamekuwa walimu wa dunia. Wametoa damu ya vidole vya watoto wao. Wamepeleka vinyesi maabara. Wamejibu maswali kuhusu mapato yao, vyoo vyao, mimba zao na vyandarua vyao. Wameruhusu mitego ya mbu itundikwe kando ya vitanda wanavyolalia. Kwa mchango wao, sera zimebadilika Nairobi, Kampala na kwingineko, na mwaka 2019 Michael Kremer, ambaye sehemu kubwa ya majaribio yake ya kwanza ya nyanjani ilifanyika Busia, alikuwa mmoja wa wanauchumi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tuulize: majibu hayo humfikiaje mama wa Funyula, mwalimu wa Budalangi, diwani wa Masafu au mganga mkuu wa wilaya ya Tororo? Na yakimfikia, humkuta akiwa na uwezo wa kufanya nini?

Ukiipitia historia ya tafiti za eneo hili kwa macho ya swali hilo, jambo moja linajitokeza. Matokeo ya utafiti hubadilisha maisha pale yanapompa mwenye kuamua jambo ambalo hakulijua, pamoja na hatua anayoimudu, kwa wakati ambao bado anaweza kuichukua. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, kinachobaki ni mahubiri. Na mahubiri nayo yamekwisha kupimwa Busia.

Kidonge kilichofika kwa mawaziri

Mwaka 1998 shirika la Kidachi la ICS lilianza kugawa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi kwenye tarafa za Budalangi na Funyula, kusini mwa Busia ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 30,000. Kwa kuwa mradi haukuweza kuanza kote kwa mara moja, shule ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilipata dawa kuanzia 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Mgawanyo huo ndio uliowapa Kremer na mwenzake Edward Miguel nafasi ya kulinganisha shule zilizotangulia na zile zilizosubiri.

Walichokiona kilichapishwa mwaka 2004. Utoro wa wanafunzi ulipungua kwa robo, na faida haikuishia kwa aliyemeza kidonge. Mtoto aliyetibiwa haachi tena mayai ya minyoo kwenye udongo na majini, kwa hiyo hata wenzake wasiotibiwa, pamoja na shule za jirani, walipata nafuu. Makala hiyohiyo ilisema wazi kwamba alama za mitihani hazikupanda.

Makala yenye karibu kurasa 60 na milinganyo tele haimfikii waziri. Kilichomfikia ni maelezo mafupi aliyoweza kuyatendea kazi: tatizo limeenea, dawa ni ya bei nafuu sana, haihitaji daktari maana mwalimu aliyefundishwa anaweza kuigawa, na shule zipo tayari karibu kila kijiji. Watafiti na washirika wao hawakuishia kuchapisha. Walirudi kwa maofisa na kuwasaidia kupanga siku ya kugawa dawa, mafunzo ya walimu na usafirishaji. Mwaka 2009 Kenya ilizindua mpango wa kitaifa uliowafikia watoto takriban milioni 3.6. Mpango huo ukasimama, kisha ukaanzishwa upya mwaka 2012 chini ya wizara za elimu na afya kwa pamoja, huku taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ikifuatilia kiwango cha maambukizi.

Hesabu miaka. Tangu kidonge cha kwanza cha Budalangi hadi mpango wa taifa ilipita miaka 11. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 1998 alikuwa kijana wa kutafuta kazi serikali ilipoanza. Hiyo ndiyo gharama ya majibu yanayochelewa, na Busia ni mfano wa mafanikio. Tafiti nyingi hazifiki popote.

Mahubiri yalipopimwa

Mradi ule wa minyoo ulikuwa na sehemu ya elimu ya afya. Walimu walifundishwa na wanafunzi wakahimizwa kunawa mikono, kuvaa viatu na kuepuka maji yenye kichocho. Miguel na Kremer walipima sehemu hiyo pia, na mwaka 2007 wakaeleza kwamba mwenendo haukubadilika: usafi ulibaki palepale, uvaaji wa viatu palepale, na kuingia majini palepale. Wazazi walipotakiwa kuchangia ada ndogo ya dawa, waliozichukua walipungua kwa asilimia 80. Zaidi ya hapo, wazazi waliokuwa na jamaa na marafiki wengi katika shule zilizotangulia ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali. Walikwisha kusikia kutoka kwa wenzao kwamba tofauti anayoiona mzazi nyumbani kwake si kubwa kama ilivyotangazwa.

Si haki kuwalaumu wazazi hao. Mtoto asiye na viatu hakosi viatu kwa sababu hajui faida yake. Kijana wa Budalangi anaingia majini kwa sababu majini ndiko kwenye samaki, kufua na kuoga. Tena watu hawakuwa wakisubiri kujazwa maarifa kama mtungi mtupu. Mwaka 1998 mwanaanthropolojia Wenzel Geissler alieleza jinsi majirani wao Waluo wa magharibi mwa Kenya walivyoielewa minyoo: ni sehemu ya mwili, hukaa tumboni na kusaidia kusaga chakula, na huleta taabu inapozidi au inapochokozwa. Mhamasishaji anayefika na bango la kuitangaza minyoo kuwa adui, bila kwanza kusikiliza maelezo hayo, anaongea peke yake hata kama uwanja umejaa watu.

Kwenye maji mambo yalikuwa hivyohivyo. Katika chemchemi 200 za Busia, utafiti ulionyesha kuwa kuijengea chemchemi kinga ya saruji kulipunguza uchafu wa vinyesi majini kwa asilimia 66, na kuharisha kwa watoto kwa takriban robo. Lakini maji safi yalichafuka tena njiani na nyumbani, kwa hiyo klorini ilihitajika. Dawa ya kutibu maji iliuzwa madukani, na watu wengi waliijua kwa jina. Waliokuwa wakiitumia walikuwa wachache mno. Kiwango cha matumizi kilipanda pale kilipowekwa kitoleo cha klorini kando ya chemchemi yenyewe, bila malipo, ili mtu aweke kipimo chake wakati anateka, naye jirani aliyechaguliwa na wenzake akawa mtunzaji wake. Ujuzi ulikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni njia ya kuutumia isiyomwongezea mama safari na gharama.

Je, basi taarifa peke yake haina nguvu? Ina nguvu, ikiwa ni taarifa yenyewe. Mwaka 2004 mwanauchumi Pascaline Dupas alifanya utafiti katika shule 328 za magharibi mwa Kenya, si mbali na Busia. Katika shule 71, mhudumu wa mradi aliingia darasa la nane kwa dakika 40 tu. Hakuwaambia wasichana waache mapenzi. Walikwisha kuambiwa hivyo mara nyingi. Aliwaonyesha takwimu halisi za maambukizi ya VVU kwa umri katika jiji la Kisumu, zilizodhihirisha kwamba mwanamume mtu mzima mwenye pesa ni hatari zaidi kwao kuliko kijana wa rika lao. Wengi wao hawakuwa wakilijua hilo. Mwaka uliofuata, mimba katika shule hizo zilikuwa pungufu kwa asilimia 28, na zile za wanaume waliowapita sana umri zilipungua kwa zaidi ya nusu. Mafunzo ya walimu kwa mtaala rasmi wa UKIMWI, uliosisitiza kujizuia hadi ndoa, hayakupunguza mimba.

Dakika 40 zilitosha, kwa sababu zilibeba jambo jipya, la kweli, na linalomhusu msikilizaji katika uamuzi anaoufanya yeye mwenyewe. Mtafiti anayejiandaa kwenda kwa gavana au kwenye baraza la chifu angefanya vyema kujiuliza kama maneno yake yana sifa hizo tatu.

Tororo: takwimu mezani kwa wizara

Vuka mpaka pale Malaba uingie Tororo, Uganda. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani na Uganda walianza kuwapa watu wenye VVU vijijini huko kidonge cha septrini kila siku. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia wanakijiji. Wataalamu wengi walisitasita, maana bakteria wengi wa eneo lile walikuwa sugu kwa septrini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 46. Mwaka uliofuata, Uganda ilifanya septrini kwa wenye VVU kuwa sera ya taifa.

Linganisha mwaka mmoja huo na miaka mitano ya minyoo baada ya kuchapishwa. Swali lililojibiwa Tororo lilikuwa tayari mezani kwa wizara. Dawa ilijulikana, bei ilijulikana, na waliopaswa kuigawa walikuwa kazini. Jibu lilimkuta mwenye kuamua akiwa na kalamu mkononi.

Malaria imekuwa na historia ngumu zaidi. Uchunguzi wa mwaka 2001 na 2002 ulikadiria kwamba mkazi wa Tororo aliumwa mara 562 kwa mwaka na mbu wenye vimelea vya malaria. Mbele ya mtaalamu, takwimu hiyo inatisha. Mbele ya mkulima, idadi ya 562 haisemi lolote mpaka imwambie hivi: hakuna usiku utakaolala hapa bila mbu mwenye malaria kukugusa, na siku nyingine atakugusa mara mbili.

Desemba 2014 serikali ya Uganda na washirika wake walianza kupulizia dawa ukoko kwenye kuta za nyumba za Tororo na wilaya nyingine za mashariki. Kabla ya hapo upuliziaji ulikuwa umejikita katika wilaya 10 za kaskazini. Fedha hazikutosha kote, na kupanga ni kuchagua: kaskazini ikaachwa, ikitegemea vyandarua. Mwaka 2015 malaria ilirudi kaskazini kwa kishindo. Tororo nayo ikapata ahueni kubwa. Rejista za vituo vya afya katika wilaya tano zilizopuliziwa zilionyesha kwamba kufikia mwaka wa nne na wa tano, wagonjwa wa malaria walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 85.

Kisha, mwaka 2020, dawa ya ukutani ikabadilishwa na kuwekwa ya aina nyingine. Sababu ilikuwa ya kitaalamu: dawa hubadilishwa kwa zamu ili mbu wasijenge usugu. Baada ya mabadiliko hayo malaria ikapanda tena Tororo, na mbu wa aina ya Anopheles funestus, aliyekuwa amekaribia kutoweka, akarudi kwa wingi. Kikosi cha Infectious Diseases Research Collaboration cha Kampala, kikiongozwa na wanasayansi kama Moses Kamya wa Makerere, kilikuwa na kumbukumbu za miaka mingi za kaya na vituo vya afya, hivyo kikaliona ongezeko hilo na kulieleza.

Hapa ndipo mpaka unapoanza kusema. Tororo ilikuwa ikipuliziwa. Wilaya jirani ya Busia, Uganda, haikupuliziwa. Kuanzia 2020 watafiti hao walizifuatilia kaya za pande zote mbili za mstari unaotenganisha wilaya hizo. Mwanakijiji hahitaji shahada kuelewa swali la utafiti huo, maana analiishi: dada yake aliyeolewa ng'ambo ya pili hajawahi kuona mtu wa bomba akiingia nyumbani kwake. Mstari wa utawala hauzuii mbu, lakini unazuia bajeti.

Ongeza na mpaka wa nchi. Septemba 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S kwa majaribio, na Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizohusika. Uganda ilianza chanjo yake, ya R21, Aprili 2025. Katika miaka hiyo akina mama wa mpakani walikutana kwenye soko moja, msiba mmoja na harusi moja, wakizungumza lugha moja, huku mtoto wa huyu akiwa na nafasi ya kuchanjwa na wa yule akiwa hana. Mama wa upande wa Uganda alistahili kuelezwa sababu: kwamba majaribio yalipangiwa nchi tatu tu, Kenya, Ghana na Malawi, na kwamba chanjo haikuwa ya kutosha. Asipoelezwa, uvumi utamweleza.

Majibu yenye "lakini"

Sayansi haileti kila mara jibu lililokatwa wazi. Wajawazito wa eneo hili hupewa SP kliniki ili kuwakinga na malaria, ingawa vimelea vya mashariki mwa Uganda vimekuwa sugu kwa dawa hiyo. Watafiti wakajaribu dawa nyingine, DP, kwanza Tororo, kisha Busia ya Uganda katika hospitali ya Masafu, ambako wanawake 782 walishiriki. Mwaka 2019 majibu ya Masafu yalichapishwa. DP ilizuia malaria kwa wajawazito zaidi kuliko SP, tena kwa tofauti kubwa. Lakini walipozaliwa watoto, hakukuwa na tofauti ya maana kwenye matatizo ya uzazi yaliyopimwa. Inaelekea SP humsaidia mtoto akue tumboni kwa njia nyingine nje ya malaria. Utafiti mkubwa zaidi ukafuata hapohapo Busia, wa kujaribu kuzitumia dawa hizo mbili pamoja.

Utamwambiaje hayo mjamzito aliyekaa kwenye benchi la kliniki tangu alfajiri? Njia rahisi ni kunyamaza, kwa hoja kwamba atachanganyikiwa. Nakataa. Mwanamke huyo hupima mambo yenye pande mbili kila siku ya maisha yake: apande mahindi mapema kwa kubahatisha mvua au angoje, auze kuku leo au aache atage. Mkunga anaweza kumwambia: "Mama, dawa ile mpya ilifukuza malaria vizuri, lakini watoto hawakuzaliwa na afya zaidi kuliko wa dawa hii. Ndiyo maana tunaendelea na hii, na uchunguzi unaendelea." Maelezo hayo hayachukui hata nusu dakika, na hakuna uongo ndani yake. Siku sera itakapobadilika, mama huyo hatahisi kwamba alidanganywa.

Minyoo nayo ilipata "lakini" yake. Julai 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walichapisha uchambuzi mpya wa takwimu zilezile za Busia, ambazo Miguel na Kremer walikuwa wamezitoa wenyewe ili zikaguliwe. Wakakuta makosa ya hesabu, hasa katika makadirio ya faida kwa shule za mbali, na wakatilia shaka uzito wa baadhi ya mahitimisho. Magazeti ya Ulaya yakatangaza kwamba hoja ya dawa za minyoo imeanguka. Wenye utafiti wakajibu kwamba matokeo makuu, pamoja na faida kwa majirani wa karibu, bado yamesimama. Mabishano yakaenea duniani na kuitwa vita vya minyoo. Mwaka 2021 ufuatiliaji wa wanafunzi walewale miaka 20 baadaye ulionyesha kwamba waliopata miaka miwili mitatu zaidi ya dawa utotoni walikuwa na matumizi ya nyumbani yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 14, na kipato cha saa kilichozidi kwa asilimia 13. Wataalamu bado wanabishana kuhusu tafsiri.

Vita hivyo vilipiganwa kwenye majarida na magazeti ya mbali. Mzazi wa Budalangi, ambaye mwanawe ndiye aliyepimwa, alikuwa na haki ya kusikia mambo matatu: kwamba hakuna aliyesema dawa ilimdhuru mtoto wake, kwamba mtoto mwenye minyoo anapaswa kutibiwa, na kwamba ubishi ulihusu kiasi cha faida kwa masomo na kwa jamii nzima. Wanasayansi kukosoana kwa takwimu zilizo wazi ni dalili ya afya ya sayansi. Mwananchi akielezwa hivyo ataheshimu zaidi kazi hiyo. Akiachiwa vichwa vya habari, atajifunza kutoamini lolote.

Kalenda, lugha na kiti

Wapo watakaosema wanasiasa wetu hawasomi utafiti. Makerere imeonyesha kwamba hilo ni nusu tu ya ukweli. Mwaka 2010 kilianzishwa huko kitengo cha majibu ya haraka: ofisa wa wizara huuliza swali lake, na ndani ya siku zisizozidi 28 hupewa muhtasari wa yote yanayojulikana. Kazi hiyo sasa inaendelezwa na kituo cha ACRES. Maofisa waliuliza, na wakajibiwa. Mwenye kuamua husoma kinachojibu swali linalomkabili wiki hiyo.

Kwa hiyo mtafiti anayefanya kazi mpakani lazima aijue kalenda ya wanaoamua. Kenya na Uganda zote huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. Upande wa Kenya, waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unatakiwa kufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Upande wa Uganda, bunge linatakiwa kuidhinisha bajeti kufikia 31 Mei. Muhtasari mzuri ukimfikia waziri wa afya wa kaunti mwezi Juni, umemfikia akiwa hana tena pa kuuweka. Ukimfikia Januari, kurasa zake mbili zinaweza kuhamisha fedha.

Lugha nayo inataka uangalifu, na Busia ina ushahidi wake. Katikati ya miaka ya 1990 shule za Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada vya serikali, vikapimwa kwa kulinganishwa na shule zisizopewa. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu. Taarifa ya utafiti inayotolewa kwa Kiingereza kwenye ukumbi wa hoteli huangukia palepale: humwongezea aliyekuwa nacho. Mpakani hapa kuna Kisamia na Kiteso vinavyozungumzwa pande zote mbili, kuna Dhopadhola cha Tororo, na Kiswahili cha soko, cha stendi na cha foleni ya malori. Redio za lugha hizo husikika ng'ambo zote mbili bila kuulizwa pasipoti. Mtafiti akiketi studio saa nzima, ajibu simu za wasikilizaji yeye mwenyewe, atajifunza mengi pia.

Kisha kuna kiti. Wanaoaminiwa kijijini wanajulikana: wahudumu wa afya wa kijiji upande wa Uganda, wahamasishaji wa afya ya jamii upande wa Kenya, walimu, viongozi wa dini, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji la Uganda), mzee wa mtaa. Mara nyingi huitwa mwanzoni ili kuwashawishi watu washiriki, kisha husahaulika majibu yanapopatikana. Waitwe wakati swali linatungwa. Mwalimu wa Funyula angeweza kuwaambia watafiti mapema kwamba bango la viatu halitamvisha mtu kiatu.

Yanayowezekana mwaka huu

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri uvumbuzi. Vibali vya utafiti hutolewa na Uganda National Council for Science and Technology upande mmoja, na NACOSTI upande wa pili. Taasisi hizo zina uwezo wa kudai kwamba kila mradi unaogusa watu uwe na fungu la fedha la kurudisha majibu, na kwamba tarehe ya kuyarudisha iandikwe kwenye ombi la kibali. Kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo zinaweza kuwa na kikao kimoja cha pamoja kila Januari, ambapo watafiti wote wa eneo hilo hueleza walichopata kabla bajeti hazijafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki inayo Tume ya Utafiti wa Afya. Kikao cha namna hiyo ni kazi inayoifaa. Na vyombo vya habari, likiwamo gazeti hili, tujifunze kuuliza swali la pili. Tukiambiwa ugonjwa umepungua kwa asilimia fulani, tuulize: kwa nani, ikilinganishwa na nini, na sasa mkazi wa hapa afanye nini?

Lakini nguvu kubwa zaidi iko kwa yule anayebishiwa hodi. Kila utafiti huanza kwa kuomba ridhaa yake, iwe kwa sahihi au kwa alama ya dole gumba, na bila ridhaa hiyo hakuna damu, hakuna takwimu, hakuna makala wala tuzo. Siku mtafiti mwingine atakapoingia ua wa Nagongera au Budalangi na karatasi yake, mwenye nyumba ampe kiti na maji kama ada ilivyo, kisha kabla ya kutia dole amuulize: majibu mtayaleta lini, kwa lugha gani, na mtamwambia nani mwenye uwezo wa kuyatendea kazi? Asiyeweza kujibu, aende akajipange kwanza.